Mashine Iliyomkaribisha Kila Apigaye Hodi

Nimefunua sanduku la mayai la dada yangu hapa Mchukwi, joto likanipiga usoni kama la chungu kilicho jikoni.

Ugonjwa wa kideri ulimmalizia kuku wote. Mayai aliyaomba kwa majirani ili aanze upya, na sanduku la kutotoleshea nililitengeneza miye: mbao, balbu na kadi ndogo ya umeme. Kwenye kadi niliandika mashine pepe, yaani programu inayosoma faili ya amri moja moja: washa, ngoja, zima. Sina shule ya kutamba. Mwenye shule labda angefanya vingine.

Faili huwa na kichwa, mashine ijue inapokea nini. Baiti nne za mwanzo, yaani nafasi za herufi nne, nikaweka herufi za hodi. Ikiziona, inakaribisha. Ukubwa wa faili sikuuandika. Nilifuata tulivyolelewa: mtu akipiga hodi unamtandikia mkeka, humuulizi kaja na nini wala atakaa siku ngapi.

Asubuhi niliunganisha simu yangu kwa waya, nikaanza kutuma faili mpya, nikatoka kwenda Kibiti. Nyuma yangu dada akachomoa waya achaji simu yake. Simlaumu, sikumwambia asiguse. Nusu ya faili ilikuwa imeshaingia, na hodi yake kamili. "Washa" ilifika. "Zima" ilibaki kwenye simu.

Alasiri dada alipasua yai moja sahanini. Limeganda.

"Weye mdogo wangu, nilikuomba vifaranga, umenipikia futari?"

"Dada, si ilipiga hodi..."

"Kwani mwizi hapigi?"

Hilo halikuwahi kunipitia kichwani, hata mara moja.

Nimekaa barazani nikaandika kichwa upya: hodi, kisha ukubwa wa faili, kisha jumla ya thamani za baiti zake. Mashine ihesabu yenyewe. Hesabu zisipolingana, isiwashe kitu. Nikatuma, nikachomoa waya katikati makusudi. Balbu haikuwaka. Nikarudia, haikuwaka.

Dada alitazama. Akaenda tena kwa majirani, akarudi na mayai na kuku anayeatamia, wa kuazima. Nusu kaweka sandukuni, nusu kampa kuku.

Sikubisha. Ningekuwa yeye, nadhani yote ningempa kuku.