Nilivyonunua Benz ndefu ya Mzee wa Endiinzi wakati kila mtu ananiambia niache

Wakuu, salamu kutoka Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, hasa nyuzi za magari. Leo naleta yangu. Sitaongeza chumvi, na sina haja ya kuongeza. Gari yenyewe iko nje hapa, kuku wamejilaza chini yake kukimbia jua.

Mtanivumilia na Kiswahili changu. Mimi ni mama wa Uvira, Kivu Kusini. Mkikuta "fasi" au "mingi" mjue ndiyo kwetu hiyo, pitieni tu.

Kazi yangu ni kushona magauni ya harusi hapa Base Camp, katikati ya makazi. Sikodishi ya mtumba, nashona mwenyewe kuanzia kitambaa mpaka shela.

Shida ya maharusi wa huku ilikuwa usafiri. Magari ya harusi yako Mbarara, na wenyewe wakisikia jina Nakivale wanaanza kulalamikia vumbi.

Kuna bibi harusi mmoja, Nadine. Asubuhi ya harusi yake mwenye gari alipiga simu, akasema barabara yetu itamharibia rangi, haji tena. Nadine akaenda kanisani kwa boda, mkia wa gauni ameukumbatia kifuani. Mimi nilikuwa kwenye boda ya nyuma, naangalia vumbi jekundu linavyopanda kwenye lesi niliyoshona kwa mkono.

Sikulia. Lakini siku hiyo ndiyo nilianza kutafuta gari.

Mteja wangu mmoja akaniambia kuna mfugaji kule Endiinzi, Mzee Eriya, anauza Benz yake ya zamani. Nikaenda kutazama tu. (Wote tunaendaga "kutazama tu", si ndiyo?)

Wakuu, haikuwa Benz ya kawaida. Ilikuwa W123, ile long wheelbase, safu tatu za viti, injini ya dizeli. Wanaojua wameshaelewa. Wengi wenu mmeiona kwenye picha tu.

Nyeupe. Imefunikwa turubai, chini ya paa la mabati, pembeni ya zizi la ng'ombe. Mzee aliinunua Kampala enzi za nguvu zake, kutoka ubalozi mmoja.

Nikafungua mlango wa nyuma, nikaingia, nikanyoosha miguu. Nikaona bibi harusi hapa, msimamizi pale, wazazi pale, watoto wa maua kwenye viti vya katikati. Na gauni halikunjwi popote!

Nikarudi nyumbani sijielewi.

Mume wangu, Baba Esther, hakufurahi. Akiba yetu ilikuwa ya safari. Faili yetu ya kuhamia ng'ambo imekaa miaka, mara inatembea, mara inasimama. Na kila jambo la nyumba yetu lilikuwa linapitia hapo. Tusijenge jiko, labda tutaitwa. Tusinunue kitanda, labda tutaitwa.

Akaniuliza, "Mama Esther, tukiitwa, iyi gari tutaiachia nani? Na kama ni gari tu, tununue pikapu, tubebe mahindi ya Rugaaga. Pikapu inakula kidogo, inazaa mingi."

Alikuwa na haki, siwezi kukataa. Ila mimi nilikuwa nimechoka kuishi kama mtu aliyekaa stendi na mabegi.

Tukakubaliana ikaguliwe kwanza. Tukamchukua fundi wa Mbarara, anaitwa Bosco, tukarudi naye Endiinzi. Akaingia chini ya gari, Baba Esther naye akaingia nyuma yake. Walipotoka, mume wangu mgongo mzima vumbi, uso umekunjamana.

"Sakafu imeoza," akasema. "Ukikanyaga breki kwa nguvu, muguu utafika kwa udongo."

Bosco hakuficha kitu. Injini nzima, giaboksi nzima. Sakafu inaweza kuchomelewa. Lakini spea zake ni za kuagiza Kampala na kusubiri.

"Mama, kama ni biashara, chukua kitu rahisi," akaniambia. "Hii ni gari ya mtu anayeipenda."

Nikamwambia Mzee Eriya anipe muda nifikirie.

Hapa ndipo nilipoteseka, wakuu. Nikaanza kusoma nyuzi zenu za zamani humu. Nusu mnasema Benz kuukuu ni ndoa, nusu mnasema ni kaburi. Kanisani wakapata habari, kukawa na vicheko. Mkimbizi na Benz! Nikawa karibu kuacha kabisa.

Siku moja niko kwenye cherehani, simu inalia. Mzee Eriya.

"Nyabo, wewe nataka ama hapana? Watu ya spea ametoka Mbarara, iko hapa na spana. Nataka kukata gari vipande. Vijana yangu nasema niuze."

Nikatazama gauni lililokuwa mikononi mwangu. Nikasema, "Nataka, Mzee. Wasiiguse."

Nikakata simu. Baba Esther alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akachukua koti lake ukutani.

"Vaa viatu," akasema. "Tuende mbele bale batu baipasue." Yaani kabla hawajaipasua.

Mpaka leo nikikumbuka hiyo sentensi nampenda upya.

Tulipofika, wale jamaa wa spea walikuwa wameshafungua boneti. Mzee akatukagua, akaniuliza, "Dereva ni nani?"

"Ni mimi, Mzee."

Baba Esther haendeshi. Mimi nilijifunza kwenye pikapu ya parokia, na leseni ninayo.

"Basi peleka mimi, nione."

Akakaa kushoto kwangu na fimbo yake. Nikataka kuwasha, akanizuia mkono, akaonyesha taa ya kupasha injini kwenye dashibodi. "Ngoja hiyo taa izime. Hii siyo boda." Taa ikazima, nikawasha, injini ikanguruma. Nikatoka nayo taratibu katikati ya ng'ombe wenye pembe ndefu, pembe zinapita pembeni ya kioo. Hakuna hata moja iliyotugusa.

Mzee akagonga dashibodi kwa kiganja. "Hao warudi Mbarara. Gari imepata mtu."

Bei msiniulize. Nilimwahidi Mzee itabaki kati yetu.

Sakafu ilichomelewa Mbarara, logbook ikaandikwa jina langu. Jina langu, wakuu! Mimi niliyeingia nchi hii na kitenge kimoja.

Imenisumbua? Ndiyo. Iliwahi kunigomea njiani, nikasubiri spea mpaka nikakonda. Ila nawaambia harusi moja, muamue wenyewe.

Bibi harusi alikuwa Mrundi. Baba yake, mzee mpole asiyeongea mingi, alikaa mbele pembeni yangu. Tulipotoka misa akaniomba kwa sauti ya chini, "Dada, tunaweza kupitia Kabazana?"

Kabazana ndipo wanapokelewa wanaofika wapya. Ndipo yeye na binti yake walipolala siku walipofika. Nikakata kona.

"Buhoro buhoro," akasema. Polepole.

Nikapunguza mpaka watu wanatembea sambamba na sisi. Waliofika karibuni wakasimama na masufuria yao, akina mama wakaanza vigelegele. Baba wa bibi harusi akashusha kioo, akatoa mkono nje, akawapungia wote kama rais. Nyuma, binti yake anacheka na kulia pamoja.

Nilichojifunza: ukitaka gari adimu, lala chini yake kwanza uone kutu, msikilize fundi asiyekubembeleza, halafu jiulize ni ya kufanyia nini. Ukiwa na jibu, acha watu wacheke.

Kama tungenunua pikapu, labda tungekuwa na mahindi mingi zaidi. Nyie mngechagua ipi? Na mwenye W123 aniambie mpira wa milango anaupata fasi gani, maana vumbi la Nakivale halijui harusi.