Utepe Mwekundu wa Tupendane

Kule Keza, mtu akitaka kumsema jirani bila kugombana, humaliza hamu yake kwa jina analompa mbwa wake. Modestus, mkulima wa migomba mwenye majivuno yasiyo na mfano, mbwa wake alimwita Mtajua. Gozbert, jirani yake wa ng'ambo ya kijito, akajibu kwa kumwita wake Tupendane. Kwenye mawindo Mtajua ndiye aliyekuwa mbele siku zote, na Modestus alitembea kijijini kama vile aliyemkimbiza swala ni yeye.

Wakimbizi walipovuka mpaka na kujengewa kambi jirani, Gozbert akapata kazi ya kulinda ghala la mahindi kambini, yeye na mbwa wake. Ghala lilijaa panya, na mkojo wa panya huleta homa inayoua mbwa na watu. Basi daktari wa mifugo akamchanja Tupendane, akamfunga utepe mwekundu shingoni kuonyesha kwamba keshachanjwa.

Utepe ule ulimnyima Modestus raha. Hata mkewe, Febronia, alisema, "Lakini amependeza, jamani!" Siku hiyo Modestus alisusa chakula. Jumapili, watu wakiwa misani, akavuka kijito, akaufungua utepe na kumvisha Mtajua.

"Wangu naye kachanjwa, huko Mugoma," akatangaza.

Gozbert aliuona utepe, akaendelea na safari yake ya ghalani.

Baadaye panya waliyafuata mahindi ya msaada hadi majumbani, na daktari akaja Keza kuchanja mbwa waliobaki. Alipomfikia Mtajua, akaona utepe. "Huyu tayari. Anayefuata!"

Modestus akafungua mdomo. Kijiji kizima kilikuwa pale, na Gozbert akiwa mbele.

"Ndugu yangu, mwache achanjwe," Gozbert alimnong'oneza. "Hata akirudia, hatadhurika."

"Wewe kalinde ghala lako!" Modestus akafoka, akamvuta mbwa wake nyumbani.

Mvua ziliponyesha, Mtajua akaacha kula. Macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Asubuhi moja hakuamka.

Gozbert alikuja na jembe bila kuitwa. Wakachimba migombani pamoja. Modestus alingoja asutwe. Alitaka hata kutukanwa. Gozbert akainama, akaunyoosha utepe shingoni mwa Mtajua.

"Tumzike nao," alisema, akaanza kufukia.

Kando ya shimo Tupendane alimsubiri bwana wake, shingo tupu, macho meupe yasiyo na manjano. Modestus akamtazama, na wivu ukamkaba kuliko siku zote.