Kidonge cha Serikali

Fyu, fyu, fyu. Niliusikia mpira wa kupimia presha ukiminywa kabla sijafumbua macho, kisha pumzi ikitoka polepole, kama mtu anayetua mzigo. Nikajua mhudumu wa afya wa mtaa wetu yumo ukumbini kwa bibi yangu.

Nilikuwa nimerudi Malindi kumalizia kitabu, lakini nyuma ya pazia nilikuwa nangojea neno moja tu: imeshuka. Dada yake bibi alikuwa amepooza upande mmoja kwa sababu ya presha. Presha ya bibi nayo ilikataa kushuka, ingawa zahanati ya serikali ilimpa dawa kila mwezi bila kumtoza kitu.

"Imepanda tena, bibi. Dawa unameza?"

"Nameza, mwanangu."

"Kila siku?"

Nikatoka. Bibi alikuwa akilitazama birika la kahawa kana kwamba ndilo lililoulizwa.

"Huisha mapema," alisema mwishowe. "Jirani anakuja na kizunguzungu chake. Nimpe kahawa na tende, halafu kidonge nimeze peke yangu, yeye akinitazama? Si uroho huo?"

Kwetu hata embe moja hukatwa kulingana na macho yanayolitazama. Kumbe kila alasiri, pale barazani, bibi aligawa na vidonge: cha jirani wa ubavuni, cha mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya njia.

"Na nyinyi mlisema ni vya serikali," alijitetea. "Cha serikali si cha wote?"

Mhudumu alicheka hadi akaikumbatia mashine yake isianguke. "Ni cha wote, bibi. Ila kila mtu apimwe, apewe chake. Dawa yako yaweza kumdhuru mwenzio. Hebu waite."

Wakaja. "Kahawa ya huyu chungu," mjane alishtaki. "Kidonge ndicho kilichokuwa kikiiteremsha."

"Mbona basi hukosi siku?" bibi akamrudi.

Jirani na mjane walipopimwa, wote wawili presha ilikuwa juu. Mhudumu akawaambia wajitayarishe, awapeleke zahanati.

Sijawahi kutokwa na machozi kwa ajili ya bendera. Asubuhi ile yalinilengalenga. Niliwaza sukari inayonunuliwa Vitengeni, sabuni inayonunuliwa Kikambala, na kodi ndogo iliyomo ndani yake. Watu wasiomjua bibi yangu walikuwa wamemkatia kipande chake. Presha yake ilichukua wiki kadhaa kushuka, na sasa nikimsikia akigombana na paka jikoni, huwashukuru watu hao, kila mmoja huko aliko.

Lakini siku ile ilibaki kazi moja. Mhudumu alimpa bibi kidonge na kikombe cha maji. Bibi akawatazama wenzake, kwa haya, kama mtu anayekula mbele ya wageni waliofunga.

"Meza, dada," mjane alisema. "Sisi tunakwenda kutafuta vyetu."

Akameza. Kisha akachukua buibui lake awasindikize, akanikabidhi birika, na mlango ukafungwa nyuma yake.