Cornel, Mtembeza Wanachuo

Cornel alikuwa tarishi wa chuo cha ualimu pale Kibaha, lakini kilichomchosha hakikuwa utarishi. Kila mwaka wanachuo wapya walipokwisha kushuka kituo cha basi cha Kwa Mathias na masanduku yao ya mbao, Mkuu wa chuo alimwita. "Cornel, wapeleke wakaione Dar es Salaam." Naye aliwapeleka, wamesimama nyuma ya lori la chuo. Makumbusho, Mnazi Mmoja, bandarini kutazama meli, sokoni Kariakoo, kisha Uwanja wa Taifa kama kuna mpira. Miaka kumi na mbili, maneno yale yale. Mwisho alikuwa akiyasema huku anawaza mihogo yake.

Nilimfahamu kwa sababu nilikuwa nachukua mikeka Kibuta kwa dada yake, Zubeda, nikaiuze Gwata, na njiani nililala kwake. Jioni alikuwa akikanda magoti kwa maji ya moto na kuniambia, "Ndugu yangu, mji nimeuona kwa macho ya watu wengine mpaka yangu yamechoka."

Mwaka 1976, mwezi wa saba, alikosea. Zubeda alikuwa na binti, Mwamini, aliyewekwa ndani tangu masika. Kwao Wazaramo mwali hatoki bila mjomba. Mjomba ndiye anayeingia, anamtoa mlangoni, anampandisha mabegani na kumzungusha uwanjani watu wamwone. Cornel alikuwa Mlutheri na dada yake ameolewa Uislamuni, lakini ujomba haukubatizwa wala haukusilimu. Basi Cornel akapeleka khanga za mwali, akataja na siku, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Mjomba akishapeleka nguo, siku hiyo haisogei. Na alipeleka bila kuuliza ofisini.

Wiki ile ile Mkuu akamwita. Wanachuo wapya wamefika, Jumamosi awatembeze.

"Ndugu Mkuu, Jumamosi mpwa wangu anatolewa."

"Ngoma zenu haziishi. Mafuta nimeyaomba mkoani kwa siku moja tu. Nani mwingine anaujua mji?"

Cornel akanyamaza. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kunyamaza mahali pa kusema.

Kijiji nacho kilikuwa na sharti lake. Mwenyekiti alitoa ruhusa ya ngoma mpaka jua kuzama, maana kesho yake ni shamba la ujamaa. Mjomba asipofika kabla ya jua, Mwamini angerudi ndani mpaka mavuno mengine, na zile khanga zingerudishwa mbele za watu. Binti alikuwa amemaliza miezi minne ndani hajaona jua.

Jumamosi wakaenda. Makumbusho Cornel aliwapitisha mbio mbio. Bandarini akasimama amegeukia upande wa Pugu, meli ziko nyuma yake. Mwanachuo mmoja, Onesmo, Msukuma wa Magu, mrefu, mwenye mdomo, akamwambia, "Mzee, mbona unatuonyesha mji kama mtu anayengoja kung'olewa jino?"

"Tazama meli, kijana."

Mbaraka, dereva, hakuweza kuvumilia. "Mwacheni! Mpwa wake anatolewa leo Kibuta, yeye yuko hapa anawaonyesha winchi."

Onesmo akapiga makofi. "Loo, mtani wangu! Wazaramo mna akili kweli? Umemwacha mwali ndani uje kutuonyesha vyuma? Sisi tumekaa siku tatu njiani tukiambiwa tutaona mila za watu wa Pwani. Ziko wapi, kama haziko huko?"

"Na mpira?" akauliza Efrazia, msichana wa Bukoba. "Mimi nimeahidiwa mpira."

"Utausikia redioni," Onesmo akamjibu.

"Redio unayo wewe?"

Wakabishana, wakapiga kura kwa mikono, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Waliotaka Kibuta wakazidi. Efrazia akanuna, akapanda lori wa kwanza ashike nafasi ya mbele. Mbaraka akasema mafuta yatatosha wakiacha Kariakoo na uwanja, na kurudi wakikatiza Kiluvya. Cornel hakufurahi. Alisema tu, "Nitafukuzwa kazi," akaingia garini.

Mlima wa Pugu lori lilipanda kwa kuugua. Baada ya Kisarawe wakazama mchangani mara mbili, wakashuka kusukuma, na Cornel akasukuma nao ingawa walimkataza. Walipofika Kibuta, nami niko pale nimefuata mikeka, jua lilikuwa limeshuka kwenye minazi. Wapiga ngoma walikuwa wamekaa chini. Zubeda alisimama mlangoni, khanga zimekunjwa mkononi.

"Umetoka wapi, kaka?"

"Mjini."

"Mjini! Damu yako iko ndani inakungoja, wewe unatazama mji!"

"Dada, nipishe. Jua linakwenda."

Akaingia. Mwamini akatolewa amefunikwa, macho chini, amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Cornel akachuchumaa, wakampandisha mabegani. Ngoma ikalia. Cornel hakuinuka. Akajaribu tena, magoti yakakataa, akaweka mkono chini.

Onesmo akaruka uwanjani. "Mji umemmaliza! Nipeni mimi mwali, Wazaramo hawana mgongo!"

Wazee wakatazamana. Utani una haki zake, huyu hakuwa mgeni wa kufukuzwa. Mzee Abdala, mwenye ngoma, akasema, "Mtani abebe. Lakini mjomba ashike mguu wa mwali, na asiuachie. Akiuachia, mwali hajatoka."

Basi wakazunguka. Onesmo mbele anacheza, na Cornel ubavuni ameng'ang'ania kisigino cha mpwa wake, anachechemea, vumbi limemjaa usoni. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Wa tatu alikuwa karibu kuburutwa. Watu walicheka, na mimi nilicheka, nikaona aibu. Jua lilipozama walikuwa wamefika mlangoni na mkono haujaachia.

Onesmo akadai jogoo wa kazi yake. "Mwizi wa Magu!" Zubeda akamtukana, kisha akampa. Wanachuo walikuwa tayari wanacheza. Hata Efrazia, viatu mkononi.

Ikabaki mjomba atoe wosia. Cornel alikuwa ameongea tangu asubuhi, sauti imekauka. Alimtazama Mwamini, akasema, "Mwanangu, mahali pa kusema, sema." Basi. Wazee walingoja zaidi, hakikuja kitu.

Zubeda alitaka alale. Akakataa, akapanda lori na wanachuo, kwa kuwa hakutaka Mbaraka akajibu peke yake. Jumatatu alikwenda kwa Mkuu kabla hajaitwa, akasema, "Lori nimelipeleka Kibuta mimi. Dereva nilimtuma." Mkuu akamnyang'anya safari za mjini, akampa karani mmoja kijana.

Nilipopita kwake mwezi wa nane nilimpa pole. Alikuwa amelala barazani, Jumamosi, saa nne ya asubuhi. Alifumbua jicho moja, akasogeza miguu nipate pa kuweka mikeka, akaendelea kulala.