Hesabu ya Maji Machafu

Mfugaji aliingia kiwandani kwangu asubuhi ameshika fimbo, hata salamu hakutoa. Nikamwamkia mimi. "Mwangaluka, baba."

"Ng'ombe wangu wanaharisha, mayu. Maji yenu mnayomwaga kijitoni yananuka."

Nina kinu kidogo cha mafuta ya pamba hapa Bariadi. Mafuta yakisafishwa na kuoshwa, hubaki maji meusi yenye utelezi na harufu ya kukera. Mimi na mume wangu tulichimba mabwawa nyuma ya kinu, maji yakatulie humo, na tope tunalichota kwa beleshi. Gharama hiyo inaingia kwenye bei ya kila dumu ninalouza.

Nilimwonyesha yule mzee mabwawa, kisha tukakifuata kijito kwenda juu hadi kwenye kinu cha jirani. Bomba lake lilikuwa linamwaga wazi wazi. Mwenyewe akatoka anachokoa meno.

"Faini nalipa," alisema. "Watu wa halmashauri wakija nalipa, risiti ninazo. Mabwawa ni ghali kuliko faini, dada. Piga hesabu mwenyewe."

Kilichoniuma ni kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Mafuta yake ni rahisi kuliko yangu, na wateja wangu wa Lalago walishahamia kwake.

Tukaenda halmashauri. Afisa alitusikiliza, akaniambia, "Yule analipa vizuri, mama. Na ninyi mnafanya kazi nzuri, endeleeni hivyo hivyo."

"Basi nipunguzieni ushuru."

"Sheria haina kipengele hicho."

"Kwa hiyo yeye mmempangisha mto, na mimi ninayeutunza nalipa sawa na yeye?"

Akainamia simu yake. Yule mzee akauliza taratibu, "Hiyo faini inatibu ng'ombe wangu?"

Mtamba wake mmoja alikufa wiki hiyo, wala hakuna aliyemfidia. Mimi nilipunguza wafanyakazi. Jioni moja mume wangu akasema, "Na sisi tutoboe mabwawa, maji yaende mtoni." Nilimfokea mpaka majirani wakasikia. Kesho yake akaingia bwawani kuzoa tope kama kawaida.

Yule mwenye bomba tunasali kanisa moja. Akikaa benchi langu, nahama.