Fundi wa Mapazia Achagua Chuo

Kwa miaka mingi fundi wa mapazia aliingia majumbani mwa watu, tepu shingoni, kupima madirisha. Kazi ilikuwa ya madirisha, lakini macho yake hayakutulia. Aliona jiko lisilopata hewa. Aliona watoto wakifanyia kazi za shule juu ya kitanda kwa kukosa mahali. Akirudi nyumbani alimsimulia dada yake mpaka chai ikapoa. Basi aliposikia kuna shahada ya makazi na mazingira ya binadamu, nusura ajishone kidole kwa furaha.

Vyuo viwili vikamkubali. Ilipofika siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi, alikuwa bado hajaamua. Asubuhi hiyo akafunga duka, akamchukua dada yake, wakaenda kuvitazama vyote viwili.

Chuo cha kwanza kilikuwa kikubwa, chenye jina, na lifti ya vioo. Dada aliipanda mara mbili.

"Hapa hapa, mdogo wangu! Nikiulizwa unasoma wapi, nitajibu kwa sauti."

Fundi alimuuliza mwenyeji wao ni lini wanafunzi hukutana na watu watakaoishi katika nyumba wanazozichora.

"Mwaka wa tatu," akajibiwa kwa upole.

Mwaka wa tatu! Alishukuru, lakini moyo ulimnywea kidogo.

Chuo cha pili kilikuwa nyuma ya soko la mbao, rangi imebanduka.

"Hiki chuo au ghala?" dada akanong'ona.

Ndani, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wamejenga nyumba nzima kwa maboksi, kubwa kama nyumba ya kweli, na kuta zake zilikuwa na magurudumu madogo. Mwalimu akawakaribisha waingie, wajifanye wanaishi humo. Dada, miguu ikiwa imechoka, akaegemea ukuta wa jikoni. Ukuta ukaondoka. Naye akaondoka nao mpaka sebuleni.

Kisha yeye mwenyewe akaangua kicheko.

"Nyumba gani hii inamkimbia mgeni!"

Wanafunzi hawakuurudisha ukuta. Msichana mmoja akauliza, "Mama, ungependa ukuta huu ukae wapi?"

Katika vyumba vyote dada alivyowahi kupanga, hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Sogeza huku, nikikaanga nimwone mtoto. Na mlango huu, na beseni langu la nguo, nitapitaje? Ubavu ubavu kama kaa?"

Kuta zikaanza kukimbizwa huku na kule. Fundi alivua viatu, akausukuma mmoja kwa mabega yote mawili, akicheka mpaka machozi. Hakuhitaji kufikiri tena.

"Dada, naenda ofisini kuthibitisha."

"Hapa?"

"Hapa."

Dada hata hakugeuka. "Kimbia basi, wasije wakafunga! Mimi siondoki, hawa bado hawajaniwekea choo."

Fundi akakimbia, viatu mkononi.