Filta ya Pikapu na Karatasi ya Wageni

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni mtu mpole, lakini ukitaka kuuona ubishi wake iguse pikapu yake. Watu wanamwita Taratibu kwa jinsi anavyoendesha. Kazi yake ni kuhamisha vyombo vya watu, na tangu aianze hajavunja hata kioo cha kabati. Wenye haraka zao wanampigia honi, wanampita huku wanamtolea maneno, naye anajitia hamnazo. Mimi naishi nao, chumba cha uani, na manunuzi ya nyumba yote yako mikononi mwangu: sabuni, chumvi, viberiti, karatasi za chooni. Hizo karatasi ndizo zilizoniingiza kwenye mkasa huu. Bila hizo, mimi na injini tungepishana mbali.

Mambo yalianza siku binti yao, kitinda mimba, alipopata kazi ya uuguzi katika mji ulio ng'ambo ya milima. Ni safari ya kutwa nzima, kupanda na kushuka. Tukiwa mezani dada akasema itabidi tukodi lori la kubeba vitu vyake. Taratibu akaweka kijiko chini.

"Nimebeba vitanda vya watu hata majina yao siyajui," alisema. "Cha mwanangu akabebe mtu mwingine?"

"Na hiyo pikapu itafika?"

"Itafika. Itanirudisha, na itanipeleka tena kumwona."

"Mabasi yapo, baba watoto."

"Basi litanisubiri nimalize kunywa chai kwa mwanangu?"

Dada hakubisha zaidi. Alitoa sharti moja tu: gari lipelekwe kwa fundi, na fundi akisema halifai, linakodiwa lori na maneno yanaishia hapo. Halafu akanigeukia mimi, akaniambia niende naye nikasikie kwa masikio yangu, maana mumewe akirudi na habari za gari lake hukosi chumvi ndani yake.

Fundi wetu si mtu wa maneno mengi. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakitazama kitambaa kwa muda. Oili ilikuwa nyeusi tii.

"Nimebadilisha juzi tu," Taratibu akawahi kujitetea.

"Najua, mzee, nilibadilisha mimi. Injini bado ina nguvu. Ila ukienda kupakia vitu vya watu, unazima?"

Nikamjibia mimi. Hazimi. Siku moja starta ilimgomea mbele ya mteja, friji la watu liko juu, ikabidi mtaa mzima uje kusukuma. Tangu aibu ile, akipakia saa nzima, gari nalo linanguruma saa nzima.

"Basi hayo masizi unayatengeneza mwenyewe," fundi akasema. "Tutengeneze starta, nawe ujifunze kuzima. Halafu kama unataka injini idumu, tuongeze filta ya pili. Hiyo uliyonayo inapitisha oili yote kwa kasi, takataka ndogondogo zinaponyoka. Hii ya pili inakaa pembeni, inachota oili kidogo, inaichuja polepole, inairudisha kwenye injini."

Nikamwona shemeji anatabasamu. Kitu kinachokaa pembeni na kufanya kazi yake bila haraka! Alikipenda kabla ya kukiona.

"Lakini si dawa," fundi akaongeza. "Usitegemee gari litaruka kesho. Faida yake ni ya miaka."

"Miaka ndiyo ninayoitaka," Taratibu akasema, na mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni.

Tukaenda kwa muuza vipuri. Alitutolea filta inayong'aa, imelazwa ndani ya boksi lenye sponji. Tuliposikia bei, shemeji alilirudisha boksi juu ya kaunta kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama anayemrudisha mtoto wa mwenyewe. Mimi sikutaka tuondoke kinyonge, nikauliza kichujio cha ndani kikichafuka kingine kinapatikana wapi. Muuzaji akasema kinaagizwa. Nikamuuliza kinachukua muda gani kufika, akaanza kupanga boksi zake upya.

Kutoka hapo Taratibu akanivuta hadi kwa wauza vyuma chakavu, akaokota filta iliyotolewa kwenye jenereta kuukuu. Hiyo ilikuwa rahisi kweli. Mwenye nayo aliapa kwamba ni nzima kuliko mpya, ila cha ndani chake hakuna aliyejua kinatoka wapi. "Mnaifua tu kwa petroli," akatushauri. Tulipompelekea fundi hadithi hiyo alicheka mpaka akaegemea gari. Kisha akaenda nyuma ya gereji, akarudi na kopo la chuma lenye mfuniko wa kufunga kwa bolti, kazi ya jirani yake mchomeleaji.

"Hii wanatumia wenye malori," alisema. "Ndani unaweka roli la karatasi ya chooni."

Nilidhani ananitania kwa kuwa mimi ndiye mwanamke pale. Nikamkazia macho. Wala, alikuwa hatanii. Roli likibanwa vizuri, oili inapenya katikati ya karatasi na masizi yanabaki humo. Likichafuka unatupa, unaweka jingine, duka lolote linalo. Ila alitoa onyo: kopo tununue la bei nafuu, lakini mipira ya oili na viungo vyake tusifanye mkono wa birika. Mpira ukipasuka mlimani, oili yote inamwagika barabarani na injini imekufa papo hapo. Nilikubali moyoni kwamba huyu mtu anatutakia mema. Hata dada nilipomweleza hakupata pa kupinga, na si kwamba hakujaribu. Kopo likafungwa, gari likaingia kwenye majaribio, na kazi ya kuweka roli ikabaki kwa mwenye gari.

Sasa, nyumbani kwetu kuna karatasi za aina mbili. Kuna zetu, za kijivu, ngumu, ambazo hakuna aliyewahi kuzisifu. Na kuna za wageni: nyeupe, nene, laini, zimechapwa maua na zinanukia. Hizo nazifungia kabatini. Jumapili moja walikuja wafanyakazi wenzake dada, mmoja akaomba kuonyeshwa choo, nikaenda kabatini nikakuta patupu. Yule mama wa watu ikabidi nimpe la kijivu, huku uso umenishuka. Nilimgombeza binti yetu mpaka machozi yakamlenga, nikidhani amezifungasha kwenye mizigo yake. Taratibu alikuwa amekaa palepale, macho kwenye gazeti.

Ukweli ulijulikana kwa fundi. Tulipeleka gari likaguliwe baada ya majaribio, akafungua kopo. Ndani roli lilikuwa limelegea na kusinyaa upande mmoja, oili inajipitia pembeni bila kuchujwa, na masizi hayajapungua hata kidogo. Halafu kukawa na harufu. Harufu ya maua.

"Mzee, umeweka nini humu?"

"Nimeweka ile nzuri kabisa," Taratibu akajibu. "Gari litakalombeba mwanangu niliwekee ya ovyo?"

Niseme ukweli, nilikuwa nimejiandaa kumpasha, maneno nilikuwa nayo mdomoni. Nilipomtazama alivyosimama, kofia mkononi, yakanikauka. Fundi akamweleza kwa upole kwamba hiyo ni laini mno, inayotakiwa ni ile ngumu iliyosokotwa ikakazwa, ya bei ya chini. Kwa ufupi, ile yetu.

Basi hapo tukakoma. Shemeji aligeuka mkaguzi. Kila duka aliloingia alibinya maroli kwa dole gumba, akayapima moja moja, anarudisha, anabinya jingine. Mwenye duka la kona alinivuta pembeni akaniuliza kwa huruma ni nani nyumbani anaumwa tumbo. Lakini filta ikakaa sawa, starta ikatengenezwa, na fundi akamwambia dada mbele yetu sote kwamba gari litafika. Lori halikukodiwa.

Siku ya safari kitanda cha binti kilifungwa katikati, magodoro kando, meza miguu juu. Sisi wanne tukabanana ndani, mimi na binti kiti cha nyuma. Milimani malori yalitupita, mabasi yakatupita, hata trekta moja lilitujaribu. Injini ikavuma vilevile bila kukohoa. Tulifika jua bado lipo, Taratibu akazima gari mwenyewe bila kukumbushwa, akabeba kitanda cha mwanawe akakiweka ukutani alipoonyeshwa.

Tulipomaliza kushusha, akarudi kwenye pikapu akatoa boksi. Lilikuwa limejaa maroli ya kijivu, kila moja limebinywa na kupasishwa. Akalipandisha juu ya kabati la nguo.

"Hizi usiguse," alimwambia binti. "Ni za gari."

"Baba, si gari linakaa kwenu?"

"Nitakuwa nakuja kubadilishia hapa."

Binti alimtazama baba yake, kisha akasema sawa, hatazigusa. Mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta kamba, maana duka la kona la kwetu lina maroli hayo hadi darini na sote tulilijua hilo.

Wakati wa kurudi, kiti cha nyuma kilikuwa na mimi na nafasi tupu. Milima yote ile tuliipanda tena. Tulipoanza kushuka, dada akauliza:

"Fundi alisema hiyo karatasi inabadilishwa baada ya muda gani?"

"Kwa kazi zangu, kama miezi mitatu."

Dada akageuza uso, akatazama nje dirishani.

"Itakuwa chafu sana," alisema. "Tubadilishe kila mwezi."